Mguu mmoja mnene kuliko mwingine, daktari anataka ultrasaundi ya tumbo kila miezi mitatu: ni lazima kweli?

Mama Pendo, Kahama

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuuguza mtoto au wanaofanya kazi hospitalini.

Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.7, na siku ileile sukari ikamshuka wakamtundikia dripu. Ulimi ulikuwa mkubwa, ukichungulia nje hata akiwa usingizini, kunyonya kukawa kwa taabu. Kitovu nacho kilituna kuliko vya watoto wengine. Tukaambiwa yote yatakaa sawa kadiri anavyokua, na kweli ulimi sasa unaingia mdomoni wenyewe. Lakini alipoanza kusimama nikaona mguu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Siyo kuvimba, maana nikibonyeza hapabaki shimo. Viatu nanunua kwa kipimo cha mguu mkubwa, cha kushoto naweka sponji ndani. Mkono wa kulia nao ukiutazama vizuri utaona. Mama mkwe anasema kachukua miguu ya babu yake, ukoo wao ndivyo walivyo. Nikamuuliza, babu alirithi miguu yote miwili au mmoja?

Hivi karibuni ilikuja kambi ya madaktari bingwa hapa kwetu. Daktari wa watoto akampima miguu kwa futi ya fundi cherehani, akamgeuza masikio akakuta vijistari kwenye ndewe, akaniuliza habari za kuzaliwa kwake. Akaandika "Beckwith-Wiedemann", hali ya kuzaliwa nayo ya sehemu za mwili kukua kupita kiasi, na chini yake: ultrasaundi ya tumbo kila baada ya miezi mitatu mpaka afikishe miaka saba. Akasema watoto wa namna hii wana uwezekano mkubwa kuliko wenzao wa kuota uvimbe kwenye figo, kwa hiyo wanachunguliwa kabla haujawa mkubwa. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Ya kwanza tumepiga, safi kabisa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baba Pendo anasema mtoto anakula, anacheza, hana homa, na mimi kazi yangu ni kumtafutia mtoto ugonjwa. Bima hatuna. Kipimo kwa binafsi ni elfu ishirini na tano, zidisha mara nne kwa mwaka, zidisha mpaka darasa la kwanza. Anauliza, kama leo ni safi, huo uvimbe utatoka wapi ndani ya miezi mitatu? Kwa nini isiwe mara moja kwa mwaka, kila sikukuu ya kuzaliwa?

Na mimi nina langu ambalo sikumwambia. Ikitokea wakaukuta, unatibika? Au ndiyo tutakuwa tumelipa hela kupata habari mbaya mapema? Halafu kaka yake wa miaka sita naye apelekwe?

Ngosha Huru

Mama Pendo, mtoto mzima unampeleka hospitali kufanya nini? Hayo mamionzi ya mashine ndiyo yanaleta huo uvimbe. Zamani bibi zetu walizaa watoto kumi bila ultrasaundi na tupo hapa tunaandika.

Mzee wa Jeli

Ngosha, naomba nianze na wewe maana mashine unayoisema ndiyo ninayoshika kila siku. Ultrasaundi haina mionzi. Ni sauti, ya juu mno sikio lisiisikie, inakwenda inagonga ogani inarudi, mashine inachora. Mionzi iko kwenye eksirei na kwenye CT, na ndiyo sababu mtoto wa kuchunguliwa mara kwa mara anapelekwa ultrasaundi, hapelekwi CT. Kuhusu wale kumi wa bibi, muulize bibi alizaa wangapi na waliofika utu uzima ni wangapi.

Mama Pendo, mambo ya kazi. Ukienda, nenda na ripoti zote za nyuma, usiziache nyumbani. Mpiga picha akijua mara iliyopita figo ya kulia ilikuwa na urefu gani na ya kushoto urefu gani, jicho lake linafanya kazi tofauti na mtu anayeanza upya. Hakikisha karatasi imeandika figo zote mbili kwa vipimo, na ini pia. Ini lisisahaulike, kwa sababu hali aliyonayo Pendo huleta vilevile uvimbe wa ini katika miaka ya mwanzo, na kwenye baadhi ya hospitali watamtoa na damu ya kupima AFP, protini inayopanda kukiwa na uvimbe wa ini, kwa ajili hiyohiyo. Karatasi inayosema "tumbo la kawaida" bila namba hata moja, irudishe dirishani kwa upole.

Na kama unaweza, rudi kituo kilekile. Mtoto wa umri huo anahangaika, mpe kunyonya au biskuti palepale kitandani, mimi sijali jeli ikichanganyika na makombo. Kinachoniharibia picha ni mtoto anayelia, kwa sababu anapumua kwa kishindo na figo inapanda na kushuka.

Huwa tunaona pia vijidoa vidogo kwenye figo za watoto hawa, mabaki ya tishu changa ambazo zilipaswa kukomaa kabla ya kuzaliwa. Siyo saratani, mengi hupotea. Lakini ndiko uvimbe wenyewe unakoanzia mara nyingi, kwa hiyo tukiviona tunaviandika na kuvipima tena.

Baba Doto, Mwanza

Mama Pendo, mimi si daktari, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Nina mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. Doto ana figo moja. Nitakueleza tulifikaje hapo ili umsomee Baba Pendo, au umpe simu asome mwenyewe kama hapendi kusomewa.

Doto alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa haumwi. Hilo naliandika peke yake kwa sababu ndilo mumeo analolishikilia. Alikuwa anakimbiza mpira, anamaliza ugali wake na kuingiza mkono kwenye wa nduguye. Tumbo lilikuwa limejaa upande wa kushoto, na huku kwetu Usukumani tumbo la mtoto lina majibu matatu tayari: minyoo, malaria, bandama. Zahanati tuliyokwenda ilitoa dawa ya minyoo, tukarudi ikatoa tena. Bibi yake akataka achanjwe chale za bandama. Akaletwa pia mzee wa kukanda kwa mafuta, huyo nilimrudishia mlangoni kwa sababu nilikuwa sijalala na sikutaka wageni. Mpaka leo nashukuru ule usingizi nilioukosa, nitakuambia kwa nini.

Mama yake ndiye aliyejua. Alikuwa anawaogesha wote wawili kwenye beseni moja. Mkono ukipita kwa Kulwa tumbo linalegea. Ukipita kwa Doto unakutana na kitu kigumu upande mmoja, hakiumi, mtoto anacheka tu. Baada ya muda mfupi kikawa kimeongezeka, siyo cha kubahatisha tena. Tukaenda kupiga ultrasaundi kwa hela zetu. Sentimita 12, kwa mtoto wa miaka mitatu! Figo yenyewe imebaki ukingoni imeukumbatia uvimbe. Wakampima presha, ikawa ya mtu mzima mwenye madeni. Mkojo ulikuwa wa kawaida kwa macho. Wapo wanaokojoa damu, lakini usiisubiri hiyo, wengi haionekani.

Basi jibu la Baba Pendo ndilo hilo. Uvimbe huu unakua kwa wiki, haukui kwa miaka. Daktari wetu alituambia mtoto anaweza kuwa safi Januari na Mei ukaushika kwa kiganja. Ukipima kila sikukuu ya kuzaliwa, ukaota mwezi mmoja baada ya keki, una miezi kumi na moja ya kutembea nao bila habari. Miezi mitatu ni kwamba hata ukiota kesho yake, kipimo kinachofuata kitaukuta ungali mdogo ndani ya figo. Mimi Doto wangu hakuwa na mguu mnene, hakuwa na ulimi mkubwa, hakukuwa na dalili ya kumwambia mtu yeyote ampime. Watoto wengi wenye ugonjwa huu wako hivyo. Nyinyi mmepewa dalili. Elfu ishirini na tano ni hela, najua, mimi nauza kwa ndoo. Lakini nauli na malazi ya mwaka mzima wa kuuguza ni hela gani?

Nikaambiwa ni uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto. Rufaa, kituo kikubwa, wodi ya watoto. Nikamwambia daktari kata leo, nasaini wapi. Akasema hatukati leo. Kwanza wakampiga picha ya kifua, kwa sababu ukisafiri unapenda mapafu. Kilikuwa safi. Halafu dawa za saratani, mbili: vinkristini kila wiki, na aktinomaisini wiki ya kwanza na ya tatu. Wiki nne, ndipo kisu. Sababu yake: uvimbe mkubwa unanywea, ganda lake linakuwa imara, na mpasuaji anautoa mzima bila kuupasulia tumboni. Wala hawakuutoboa kuchukua kinyama cha kupima. Kwa mtoto wa umri ule mwenye picha ya namna ile, hawaoni haja ya kutoboa. Ukimsikia ndugu yako wa Marekani anasema kwao wanapasua kwanza dawa baadaye, ni kweli, shule ni mbili na matokeo hayapishani sana. Kama ungekuwa umeshafika mapafuni, wangeongeza dawa ya tatu, ile nyekundu, na wiki zingekuwa sita.

Sasa kuhusu mzee wa mafuta. Uvimbe huu ukikandwa au kugandamizwa unaweza kupasuka ndani. Ukipasuka unahesabiwa hatua ya tatu hata kama ulikuwa mdogo, na mtoto anaongezewa mionzi ya tumbo. Pale wodini juu ya kitanda cha Doto palibandikwa karatasi kwamba tumbo lake lisibonyezwe, hata wanafunzi wa udaktari walikatazwa.

Jambo jingine lililonishangaza ni kilo. Bibi yake alikuwa anafurahi mjukuu ameongezeka. Muuguzi hakuiangalia mizani, akamfunga ule utepe wa rangi mkononi, kwenye msuli wa juu. Mkono ulikuwa mwembamba. Kilo zilikuwa za uvimbe, mtoto mwenyewe alikuwa amekonda. Akaanzishiwa lishe kabla ya yote.

Walitoa figo nzima na uvimbe wake, na tezi za jirani wakazipeleka maabara. Mshono unavuka tumbo kutoka ubavu mpaka karibu na mwingine, leo anawaonyesha wenzake shuleni kwamba alipigana na mamba. Majibu yakarudi hatua ya pili: ulikuwa umeanza kutoka nje ya figo lakini wote umetolewa. Kwa hiyo dawa zilezile mbili, wiki 27. Ungekuwa hatua ya kwanza, wa aina ya kawaida, zingetosha nne. Hapo tena mpelekee Baba Pendo: nne na ishirini na saba, tofauti yake ni umeukuta lini.

Na katika hizo ishirini na saba ndimo watu wanamopotelea. Tumbo limelala, nywele zinaanza kuota, mtoto anaomba mpira, na nyumbani mpunga unaliwa na ndege. Unajiuliza tunafuata nini tena. Jirani yetu wa kitanda alimchukua wake kwenda mavunoni, wakarudi uvimbe uko kifuani. Mimi nilikuwa na mke mkali, hilo ndilo tofauti, nisijisifu.

Doto sasa yuko darasa la tatu. Kila mwaka anapimwa presha na mkojo. Haruhusiwi kumeza ovyo diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za jamii yake, kwa ajili ya figo iliyobaki. Mpira anacheza.

Umm Salma, Leicester

Assalaam alaykum. Mie ni wa Unguja, niko huku. Mwanangu kazaliwa macho meusi matupu, hana ile duara ya rangi inayozunguka mboni. Tukadhani uzuri. Daktari wa macho kumwona tu, akamtoa damu akaipeleka kwenye vipimo vya jeni, ikaonekana kipande cha kromosomu ya 11 kimekatika, na kwenye kipande kile kulikuwa na jeni la macho na jirani yake jeni la figo. Watoto wa namna yake karibu nusu yao huota uvimbe huu. Sote tulilia.

Akawekewa ultrasaundi kila miezi mitatu, na kweli wakaukuta, mdogo, mtoto anakimbia chumba kizima hajui lolote. Dawa kwanza, kisha upasuaji. Na kwa kuwa ulikuwa mdogo, wakakata sehemu ya figo tu, figo zote mbili anazo. Kwa watoto wenye maumbile haya hiyo ni faida kubwa, maana uvimbe unaweza kuja upande wa pili, na hapo ukishatoa figo moja nzima umebakiwa na nini? Dada Mama Pendo, mweleze mumeo kwa upole. Wanaume wakiogopa huwa wanapiga hesabu.

Sista Mstaafu, Moshi

Mama Pendo mwanangu, marahaba. Nimefanya wodi ya watoto miaka mingi, nitayajibu yale mawili ambayo bado.

Kaka yake. Kama hana tofauti ya miguu, hakuzaliwa na ulimi au kitovu kama cha mdogo wake, na katika ukoo wenu hakuna aliyeugua uvimbe huu, hahitaji ratiba. Wilms wa kurithiana ni mgonjwa 1 au 2 kati ya 100 wenye uvimbe huu. Hata hali ya Pendo mara nyingi hujitokeza yenyewe, kwa hiyo mkwe wako asikulaumu wewe na wewe usimlaumu babu wa watu. Kikubwa nataka ujue Pendo hajaambiwa ana saratani. Watoto wenye Beckwith-Wiedemann wanaopata uvimbe wowote, wa figo au wa ini, ni kati ya 5 na 10 katika 100. Waliobaki wanafika miaka saba mikononi mwao kuna furushi la ripoti safi tu. Baada ya miaka saba hatari inashuka sana, ndiyo maana ratiba inaishia hapo.

La kutibika. Mjerumani Max Wilms alipouandikia kitabu mwaka 1899, dawa zilikuwa hazipo, kulikuwa na kisu peke yake na watoto wengi walikufa. Aktinomaisini ilianza kutumika miaka ya 1950 na mambo yakageuka. Leo nchi tajiri wanaopona wanazidi 90 kati ya 100. Kwetu Afrika tuko chini ya hapo, na siyo kwa sababu ugonjwa wetu ni wa aina nyingine. Watoto wanafika uvimbe umeshajaa tumbo, wamekonda, na wengine wanaondoka katikati. Mwaka 2014 hospitali kadhaa, zikiwemo za Malawi, Ghana na Cameroon, zilianza mradi wa pamoja: mwongozo mmoja wa dawa, na mzazi anasaidiwa nauli, chakula na gharama za matibabu. Walioacha matibabu wakapungua kutoka 23 kati ya 100 hadi 12, na waliomaliza bila ugonjwa wakapanda kutoka 52 hadi 68. Dawa ni zilezile! Kilichoongezeka ni nauli na ugali. Mimi nikisikia watu wanataka mashine mpya kila siku hukumbuka hesabu hiyo.

Baba Doto ameeleza vizuri, ila amekuficha usiku wa wodini. Vinkristini lazima iingie kwenye mshipa barabara. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo mtoto akilia mkono unauma wakati dawa inaingia, mama usimnyamazishe, piga kelele muuguzi aje. Inafunga choo pia, na mtoto anaweza kuanza kuburuza kidole cha mguu akitembea. Hayo yasemwe, dozi inaangaliwa. Aktinomaisini inachubua mdomo na inasumbua ini. Kinga inashuka, na hapo homa siyo ya kusubiri asubuhi wala panadoli, ni ya kuja hospitali usiku huohuo. Mgeni mwenye surua au tetekuwanga asikanyage mlangoni.

Mkifika mahali pa kuhitaji rufaa, kwa Kahama njia ya karibu ni hospitali ya Bugando, Mwanza. Huku kwetu ni KCMC, na Muhimbili ndiko wodi kubwa ya saratani za watoto iliko, pamoja na shirika la Tumaini La Maisha ambao wamesimamia matibabu ya watoto hawa kwa miaka mingi bila kuwatoza wazazi. Ukipewa rufaa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza kabla hujauza chochote. Nimeona watu wameuza ng'ombe wote halafu wakaambiwa kulikuwa na msamaha.

Ngosha Huru

Sawa, nimekubali kuhusu mionzi. Lakini mtoto hawezi kushikwashikwa tumbo nyumbani na mama yake, hela ikabaki? Si ndivyo ilivyogundulika kwa Doto?

Sista Mstaafu, Moshi

Ndivyo, na uliposhikika ulikuwa sentimita 12. Mkono wa mama ni wa katikati ya vipimo, haukai mahali pa vipimo. Pendo akiwa anaogeshwa, mkono upite taratibu pande zote mbili chini ya mbavu, bila kukandamiza, hiyo ni sawa. Akionekana tumbo limejaa upande mmoja, mkojo wa rangi ya chai au wenye damu, homa isiyo na malaria, au halali vizuri anashika ubavu, usingoje tarehe ya miezi mitatu. Na mkishaambiwa kuna uvimbe, basi mikono yote iondoke tumboni, ya mama, ya bibi na ya mganga.

Mama Pendo, Kahama

Jamani asanteni mno. Nimemsomea Baba Pendo yote jana usiku, ya Umm Salma nikairuka ile sentensi ya mwisho. Alikaa kimya sana, halafu akauliza tu: figo moja inaweza kumfikisha mtu uzeeni? Baba Doto, naomba umjibu wewe.

Mengine ameshaamua mwenyewe. Amesema tutaweka elfu mbili kila Jumapili kwenye kopo la Pendo, kipimo kikifika hela ipo, asiombwe kwa ghafla. Na hospitali ya manispaa nimeulizia, ultrasaundi wanayo kwa bei pungufu ya ile ya binafsi, ila mtaalamu hayupo kila siku. Mzee wa Jeli, nikienda kule kwa bei nafuu ripoti zitakubalika, au ni lazima nirudi palepale nilipoanzia?

Mzee wa Jeli

Zitakubalika, bora mashine iwe nzima na anayepiga amezoea watoto. Chukua namba yake, ujue zamu zake, uwe unamfuata yeye. Mwonyeshe karatasi ya daktari bingwa ile iliyoandikwa jina la hali ya mtoto, asidhani umekuja kwa tumbo la kuuma. Tarehe ya kipimo kijacho iandike kwenye kadi ya kliniki pamoja na chanjo, haitapotea.

Baba Doto, Mwanza

Baba Pendo, figo moja inatosha. Kuna watu wanazaliwa na moja wanazeeka nayo bila kujua, na wapo wanaowapa ndugu zao moja na wanaendelea kulima. Iliyobaki inanenepa kidogo kubeba kazi ya mwenzake. Cha kuangalia ni presha, mkojo, maji ya kutosha na dawa za kumeza ovyo.

Namba yangu nimeituma kwa Mama Pendo. Nipigie tuongee wanaume, ila usipige alfajiri, muda huo dagaa zinashuka na sisikii kitu. Kuanzia saa nne niko huru. Na mkija Mwanza kwa rufaa au kwa matembezi, Doto atakuonyesha mshono. Ukimuuliza ataanza na ile habari ya mamba, mvumilie.